Umsalimie Mama

Manundu, Korogwe
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Kwa kaka yangu Mhina,
Sindeni, Handeni.

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, wifi Hafsa na watoto. Mimi huku Manundu ni mzima wa mwili. Kile kifua ulichonikuta nacho Jumatatu kimepungua kwa asali uliyoniletea, na mama mwenye nyumba wangu anakusalimu sana, anasema machungwa yale yamemharibu, sasa ya stendi hayataki tena. Nakuuliza habari za maji ingawa jibu lake nalijua. Habakuki, yule kijana wa bodaboda anayepeleka mitumba kwenye gulio la huko, ameniambia bomba limekauka tena na akina mama wanateka lamboni pamoja na ng'ombe. Poleni sana.

Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Ningekupigia, ungepokea, ungeniuliza kama nimekula, ningejibu nimekula, tungeagana, na neno nililotaka kusema lingebaki palepale. Wewe na mimi tumezungumza mno kwa simu, kaka, na si yote tuliyozungumza yalikuwa na kichwa na miguu. Kwa hiyo leo naandika. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaitupa, na uisome kabla ya Jumapili.

Jumatatu ulipofika kwangu ulikuwa na vumbi la njia nzima kichwani. Ulibeba machungwa, chupa ya asali, na mfuko wa salfeti uliofungwa kwa kamba ya mkonge. Ulikataa chai, ukaomba maji tu, ukakaa kwenye kigoda kama mtu aliyeitwa na mkuu wa shule. Kisha ukaniambia, bila kunitazama, kuwa umepita nyumba kwa nyumba ukizikusanya nguo za mama zilizogawiwa siku ya arobaini, ili mimi mtoto wake wa kike nizigawe upya kwa mkono wangu, maana ilikuwa haki yangu na wewe uliniondolea. Ulisema mama mdogo Shukuru alilivua gauni lake chumbani akakutupia mlangoni. Ulisema mke wa jirani Ukasha alikucheka, akakuuliza tangu lini nguo ya marehemu ikadaiwa. Najua uliona aibu. Nguo ya arobaini ikishatoka imetoka, na sijasikia mtu wa Sindeni aliyewahi kuifuata tena mgongoni mwa mwenzake. Wewe umeifuata, kwa ajili yangu.

Halafu ukanieleza habari za Jumapili. Kwamba baada ya sala ya adhuhuri wazee watakaa uwanjani kwa mama, na Mjomba Mdoe ameshasema wazi kuwa funguo za nyumba na shamba la michungwa vitoke mkononi mwako, kwa sababu mtu aliyemficha mtoto kifo cha mama yake hafai kuachiwa mji wa mama huyo. Kwamba kabla ya hapo utapiga magoti mbele ya watu wote uniombe radhi, na lolote watakaloamua utalipokea. Ulisema hivyo kwa utulivu, ukamaliza maji yako, ukaondoka kuwahi gari la Handeni. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni na salfeti. Nitarudi kwenye salfeti hiyo, lakini kwanza niache nianzie mbali kidogo, maana bila kuanzia mbali hutaelewa, na hata nikianzia mbali sina hakika utanisamehe.

Unakumbuka tulivyoagana Oktoba ya mwaka juzi hapa hapa stendi ya Korogwe. Mama alivaa ile kanga yake ya kijani yenye korosho, niliyomnunulia sokoni Korogwe kwa hela yangu ya kwanza ya kufundisha tuisheni. Wewe ulinipa nasaha ndefu kuhusu dini yangu na baridi. Mama aliagiza kitu kimoja tu, soksi nene za Wazungu, kwa sababu miguu yake ilikuwa inapoa sana wakati wa kipupwe. Nikacheka nikamwambia nitamletea hata kumi.

Watu wa Sindeni wanadhani nilikwenda Ujerumani kula maisha. Nilikwenda kujitolea mwaka mzima kwenye nyumba ya wazee, katika mji mdogo ambao saa kumi na mbili jioni hata paka wamelala. Kazi yangu ilikuwa kupeleka chai, kutandika vitanda, kusukuma viti vya magurudumu, kuwakata wazee kucha na kuwabadilisha nepi. Ndiyo, nepi, za watu wenye mvi. Wiki mbili za kwanza nilitapika kila asubuhi, nikaosha uso, nikarudi kazini. Sikukuambia, nilikutumia picha za theluji.

Msimamizi wangu aliitwa Renate, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Huyo ndiye aliyenikunja akanikunjua. Mwanzoni kila nilipoulizwa kama nimeelewa, nilijibu ndiyo, hata pale ambapo sikuelewa nusu ya maneno, kwa sababu mimi nimelelewa kuwa mkubwa akikueleza jambo huwezi kumtolea macho ukamwambia hujaelewa. Siku moja niliagizwa kuhusu chakula cha mzee mmoja aliyekuwa hawezi kumeza vizuri. Nikasema ndiyo. Nikampa mkate. Akapaliwa mbele yangu mpaka midomo ikawa ya bluu, na kama Renate asingekuwa karibu angekufa mkononi mwangu. Baadaye Renate alinikalisha jikoni, hakupayuka, akaniambia kuwa katika nyumba ile ndiyo ya adabu inaweza kuua mtu, na kwamba anataka kwangu maneno manne tu: sijui, sijaelewa, siwezi, nimekosea. Nilifanya mazoezi ya maneno hayo chumbani kwangu mbele ya kioo kama mtu anayejifunza taarabu. Kaka, hujui yalivyo mazito mdomoni.

Nikayazoea. Nikajifunza kula peke yangu, kuendesha baiskeli kwenye barafu, kukaa na mtu anayeumwa bila kumpigia porojo. Nilikuwa na chumba changu na ufunguo wangu mfukoni, kitu ambacho sijawahi kuwa nacho tangu nizaliwe. Nilipoulizwa jambo nilijibu nilivyoona, na watu wakanisikiliza. Naweza kusema nilikua. Nilikwenda pale msichana wa kuitikia abee, nikaanza kuwa mtu.

Kila Ijumaa ulikuwa unanipigia kwa simu ya wifi Hafsa, na mama akipewa simu anapiga kelele kana kwamba sauti yake ndiyo inayotakiwa kusafiri mpaka Ulaya kwa miguu. Alikuwa anauliza kama nimeshanunua soksi. Halafu baada ya Idd ya mwaka jana, mwezi wa nne, mama akawa hapatikani. Ijumaa hii yuko shamba. Ijumaa ile yuko kwenye hitma Kwamndolwa. Nyingine sauti imekauka, nyingine sikio linamuuma hawezi kusikia simu. Nilikusumbua sana, nilikuambia umpelekee simu hukohuko shamba. Ulinijibu kwa upole kuwa mama ananisalimu sana, anasema nifanye kazi kwa bidii.

Yaliyotokea kweli nilisimuliwa niliporudi. Kwamba alianguka akipanda mahindi, presha, na hata hospitali hakufika. Kwamba baada ya kumzika uliwasimamisha watu uwanjani ukawaomba kila mwenye simu asiweke picha wala neno, Mwaija asijue mpaka arudi. Kwamba Mjomba Mdoe alikataa, akasema kwa Kizigua, mbele ya watu, kuwa mtoto wa dada yake anaambiwa na mjomba wake hata akiwa mwezini. Nawe ukamjibu kuwa niko peke yangu kwenye nchi za watu, nikianguka hakuna wa kunishika, na kwamba nitaacha kila kitu nirudi mikono mitupu. Ukaapa. Na kwa kuwa uliapa kwa mama, Mjomba akanyamaza, lakini hakusahau.

Nikuambie wazi, kaka, kwa yale maneno manne ya Renate na mengine niliyoongeza mwenyewe: ulikosea. Hukuwa na haki. Mimi sikuwa mtoto wa kufichwa, nilikuwa na miaka ishirini na nne. Wewe ulimshika mama, ulimzika, ulimlilia na majirani wamekuzunguka, mimi ukaniachia salamu. Nimekukasirikia kwa hilo, bado nimekukasirikia, na ningependa barua hii iishie hapa, kwa sababu ikiishia hapa mimi nitakuwa ndiye niliyekosewa na Jumapili nitaketi mkekani nimeinamisha kichwa nikuache upige magoti.

Lakini niendelee. Novemba ya mwaka jana kulikuwa na bibi mmoja, Bibi Hedwig, fundi cherehani wa zamani, ambaye kila siku alinipa kopo la vifungo nivipange kwa rangi, kesho yake anavichanganya ananipa tena. Alikufa asubuhi mimi nikiwa nimemshika mkono. Renate na mimi tulimwosha, tukamchana nywele, tukafungua dirisha kama ilivyo desturi yao, baridi ikaingia chumbani. Binti yake alifika kila kitu kimekwisha. Akanishika kando akaniuliza kama mama yake alimuulizia. Wauguzi wengine walinikonyeza. Nikamwambia ukweli, kwamba alimuulizia mara tatu tangu alfajiri, kisha akaacha kuuliza. Yule mama alilia sana, halafu akanishukuru, akasema hakuna mwingine ambaye angemwambia. Tangu siku hiyo nyumba nzima ikawa inanisifu kwa ukweli. Hata kwenye cheti changu waliandika, kwamba Mwaija ni mkweli na wa kutegemewa.

Cheti hicho ulikipeleka kwa fundi Handeni ukakitilia fremu. Kiko sebuleni kwa mama, karibu na picha yake. Nilipokiona pale nilitaka kukivunja.

Siku niliyorudi, mwezi wa nne mwaka huu, mlinipokea stendi wewe na Mjomba mkiwa mmevaa kanzu, na njia nzima mlikuwa mnanionyesha barabara na mashamba kana kwamba mimi ni mtalii. Uwanjani nilikuta akina mama wamekaa kimya kwenye mikeka. Nilipewa maji ya kunawa, nikaletewa uji, nikaambiwa ninywe wote. Sote tunajua mgeni anayenyweshwa uji wote huku watu wanamtazama kinachomsubiri ni nini. Kikombe kilipokwisha Mjomba Mdoe akaniambia. Nikapiga yowe, nikaanguka, nikakwaruza ardhi kwa kucha, wifi Hafsa na mama mdogo wakanishika, na uwanja mzima ukalia upya kama siku ya kwanza. Na wewe ulisimama kando ya mlango umeshika paji la uso. Nilikuona.

Baada ya hapo watu hawakukuacha. Kwenye hitma ya mwezi wa tano Mjomba alizitoa zile jozi sita za soksi nilizomtumia mama kwa mkono wa Angel, mwenzangu wa Korogwe aliyetangulia kurudi Oktoba. Akaziinua mbele ya watu, bado zina kikaratasi cha duka, akasema tazameni, mtoto anatuma soksi kwa mtu aliyeko kaburini miezi sita, na kaka mtu anazipokea, anashukuru, anazifungia sandukuni. Watu wakasema astaghfirullah. Wewe hukujitetea. Wifi Hafsa aliniambia siku ulipozipokea soksi zile ulikwenda nazo shambani peke yako na hukurudi mpaka magharibi, na tangu hapo hupendi kukaa na watu. Sasa naona hata msikitini unakaa safu ya nyuma karibu na viatu.

Kaka, mimi nilijua.

Sikujua niliporudi. Nilijua tangu Julai ya mwaka jana. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia, na hadi leo hujui kuwa uliniambia. Ulinitumia picha ya mahindi. Ulitaka nione mavuno yalivyokubali, ukapiga picha ya lile lundo uwanjani, na nyuma ya lundo wamekaa wanawake watatu wanapukuchua wanacheka. Wifi Hafsa amevaa kanga ya kijani yenye korosho. Mama mdogo Shukuru amevaa gauni la damu ya mzee ambalo mama alikuwa halivai ila Idd mbili za mwaka. Mke wa Ukasha amejifunga mtandio mweupe wa mama, ule wenye shanga pembeni. Ulizuia simu za kijiji kizima, kaka, ukazuia vinywa, lakini wewe ni mwanamume, hukutazama nguo. Kanga moja inaweza kuazimwa. Nguo tatu za mtu mmoja, kwenye migongo ya wanawake watatu, siku moja, ni arobaini imeshapita. Nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha mashuka. Niliikuza picha kwa vidole nikatafuta uso wa mama kila kona, nyuma ya lundo, mlangoni, kivulini. Kisha kengele ya chumba namba tisa ikalia, nikaenda kumpelekea Bibi Hedwig maji.

Usiku na mchana nilingoja uniambie. Halafu, wiki kama mbili hivi baadaye, nikaanza kuogopa kuwa utaniambia.

Hapo ndipo penye uozo wenyewe. Mwezi wa nane Renate aliniita ofisini akasema wanataka niongeze miezi sita, lakini lazima aulize kama nyumbani kuna jambo linalonihitaji, ugonjwa au msiba, kwa sababu kama lipo watanipa tiketi niende, hakuna atakayenilaumu. Aliniuliza vizuri, taratibu, akinitazama machoni. Yule yule aliyenifundisha kusema sijui na nimekosea. Nikamwambia wote wazima. Nikamwambia mama yangu mzima, anauliza soksi. Tukacheka. Nikatia saini.

Kwa nini? Nimejiuliza sana na majibu mazuri yote nimeyajaribu, kwamba nilikuwa nawasaidia wazee, kwamba mama angependa nimalize. Ukweli ni kwamba ningejua rasmi ningelazimika kurudi. Ningekaa mkekani, wazee wangesema binti wa mwisho abaki kuangalia mji wa mama, na ule ufunguo wangu mfukoni ungekwisha. Uongo wako ulinifaa. Nilipousikia kila Ijumaa moyo uliuma, lakini nilipumua pia, na sijui kipi kilizidi. Wewe ulidhani unanibebea mzigo. Mimi niliutazama mzigo wangu begani kwako, nikaona unauweza, nikauacha hapo.

Hukushangaa, kaka, kwamba tangu Julai sikuomba tena kuongea na mama? Miezi mitatu nilikusumbua kila Ijumaa mpe simu, mpe simu, halafu ghafla nikanyamaza, nikawa nasema tu umsalimie. Nilidhani utagutuka. Labda ulishukuru Mungu ukaona nimetulia.

Na soksi. Soksi ndizo zinazonichoma zaidi, kwa sababu hazikuwa kusahau wala woga. Nilikwenda dukani najua mama amekufa. Angel anarudi nyumbani, na niliogopa kuwa nisipotuma chochote mtashuku. Nilichagua rangi. Muuzaji aliniuliza saizi ya miguu ya mama nikamwambia. Nilikutumia wewe soksi za marehemu uzipokee kwa mikono yako miwili ili mimi nipate miezi yangu sita. Mjomba Mdoe aliinua ushahidi wa kweli, ila alimwelekezea mtu siye.

Lile yowe la uwanjani nalo nililifanyia mazoezi kwenye ndege. Nilikuwa nimeshamlilia mama, kaka, usidhani sikumlilia, nilimlilia kwenye chumba cha mashuka nimejiziba mdomo na foronya, dakika kumi kumi, siku nyingi. Lakini siku ile Sindeni machozi yalikuwa hayapo. Nilikwaruza ardhi nikijisikia, nikijitazama kama ninafanya vizuri. Wanawake wazima wakanikumbatia wakilia machozi yao ya haki. Na nilipofungua macho nikakuona umeshika paji la uso, ningeweza kusema palepale. Sikusema. Miezi minne sasa nakula pole za watu wa Handeni nzima, na wewe unakula lawama zangu.

Sasa nirudi kwenye salfeti. Ulipoondoka Jumatatu niliifungua. Nikaitoa kanga ya kijani nikaiweka usoni, kwa mara ya kwanza tangu stendi ile, nikamtafuta mama. Ilinuka moshi na sabuni ya wifi Hafsa. Nikachukua gauni, linanuka kikwapa na karafuu za mama mdogo. Nikachukua mtandio, nikanusa moja baada ya nyingine mpaka chini ya mfuko, na kila nguo ilikuwa imeshakuwa ya yule aliyeivaa. Ningekuja Julai ile, harufu ingekuwepo. Ningekuta hata mto wake wa kulalia. Hapo nikalia kaka, kwa sauti, mama mwenye nyumba akaja kugonga mlango. Nililia kama nilivyoigiza mwezi wa nne, na kucha zangu ziko sakafuni.

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu, na sina haki ya kuomba hata moja. Usipige magoti Jumapili. Ukipiga magoti mbele yangu nitakufa kwa aibu, na huo si msemo. La pili, hizo nguo nimezifua, nimezikunja, nazirudisha zote kwa mkono wa Habakuki pamoja na barua hii. Warudishie wenyewe, na kanga ya kijani ni ya wifi Hafsa, amembeba mama kuliko mimi. La tatu, barua hii mpe Mjomba Mdoe aisome mbele ya wazee kabla hajafungua mdomo juu ya funguo. Asiruke mahali. Hata pale pa soksi.

Nitakuja mwenyewe kwa gari la asubuhi. Lakini najijua sasa, ndicho kitu kimoja cha hakika nilichorudi nacho kutoka kule. Najua nikifika stendi ninaweza kugeuka nikarudi chumbani kwangu nikafunga mlango kwa ufunguo. Ndiyo maana nimeitanguliza barua, ili nikifika Sindeni nikute nimekwisha kusema, na nikigeuka njiani iwe haina faida. Na yule mwalimu wa sekondari aliyeniomba nije niongee na wanafunzi juu ya kujitolea na uaminifu, mwambie alifute jina langu.

Sikuombi radhi hapa. Nikiomba kwenye karatasi utanipa haraka, nakujua. Nitaiomba uwanjani, watu wakiwepo, nikiwa chini na wewe ukiwa umesimama.

Nisalimie Mjomba Mdoe. Nisalimie wifi Hafsa na mama mdogo Shukuru, na mke wa Ukasha mwambie anisamehe usumbufu wa mtandio. Nibusie Sharifu na Munira mdogo, uwaambie shangazi atawaletea madaftari. Miezi tisa yote ile kila ujumbe wangu nilimalizia kwa kukuambia umsalimie mama, nikiwa najua, na kila Ijumaa ulinijibu kuwa salamu zimefika na amefurahi. Leo salamu zangu zinaishia kwa watoto.

Wasalaam,
ni mimi mdogo wako,

Mwaija